MTOTO AENDAYE KUSOMA NG'AMBO ASIFUTWE SKULI



Wiki tatu hizi, katika barza za tawi letu, hapana lililozungumzwa zaidi kuliko khabari ya mwenzetu mmoja, mchuma karafuu mwenye watoto sita, ambaye binti yake wa Kidato cha Tatu amepata nafasi ya kusoma Marekani kwa mwaka mmoja. Wako waliompongeza. Wako pia, tena wengi, waliomwambia kuwa anamkatisha mtoto masomo. Na Mwalimu Mkuu alipoendewa, jawabu yake ilikuwa fupi: akiondoka, jina lake litafutwa katika daftari, na akirudi aombe upya kama mgeni.

Sisi twasema mtoto aende. Lakini walioingiwa na khofu wana sababu zao, na sababu hizo si za kuchekwa.

Visiwa hivi vinajua maana ya mtoto kuondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wetu walikwenda Cairo, wengine wakipitia Sudan kwa njia za taabu, na Mapinduzi ya Januari 1964 yakawakuta huko huko. Baadaye wengine wakapelekwa Ujerumani ya Mashariki, Urusi na Uchina. Wako waliorudi wakawa madaktari na walimu. Wako ambao mama zao walifariki wakiwangojea. Mzee aliyeyaona hayo, akiambiwa "mwaka mmoja tu", hutikisa kichwa, na ana haki.

Safari hii lakini si ile. Mpango aliouingia binti huyu, unaoitwa Kennedy-Lugar kwa majina ya maseneta wawili, ulianzishwa na Serikali ya Marekani mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, kwa ajili ya vijana wa nchi zenye Waislamu wengi. (Kwa nini tulikumbukwa wakati ule na si kabla yake, kila mtu ana akili yake.) Kijana hukaa na familia ya huko, husoma skuli ya sekondari ya mji ule, gharama zake hulipwa, na viza yenyewe humfunga: mwaka wa masomo ukisha hurejea kwao, na kwa kawaida haruhusiwi kuomba ukaazi wa kudumu Marekani mpaka atimize miaka miwili nyumbani.

Basi khatari iliyopo si ya kutorudi. Khatari ni kurudi akakuta mlango umefungwa, na hapa ndipo tunapotaka wenzetu watusikilize vizuri, maana jambo lenyewe ni la kalenda. Skuli zetu huanza Januari. Za Marekani huanza Agosti au Septemba na kumaliza Mei au Juni. Mtoto aondokaye hapa Agosti huacha nusu ya mwaka wetu huu, na hurudi nusu ya mwaka wetu ujao imekwisha pita. Akiondoka katika Kidato cha Pili huukosa mtihani wa kumpandisha. Akiondoka katika Kidato cha Tatu akarudi kuungana na wenzake walio Kidato cha Nne, hubakiwa na miezi mitano kabla ya mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania wa mwezi wa Novemba, ilhali huko alikokuwa hakusomeshwa Kiswahili chetu, wala Kiarabu, wala Dini, na historia aliyosoma ni ya Wamarekani. Hayo si kumwendeleza mtoto, ni kumtosa.

Iko njia nyepesi. Binti huyu amekwisha maliza muhula wa kwanza wa Kidato cha Tatu. Akirudi Juni, aingie muhula wa pili wa Kidato hicho hicho, pamoja na waliokuwa nyuma yake. Hapotezi somo hata moja. Anapoteza mwaka mmoja, na badala yake anapata Kiingereza cha kusema na kuandika, ambacho ndicho kinachowaangusha watoto wetu tangu Kidato cha Kwanza, kwani masomo mengi husomeshwa kwa lugha hiyo na wao hubaki kukariri.

Wako wazazi wasiotaka kulisikia hili. Huona aibu mtoto kukaa na "wadogo zake", wakamshindikiza arudi kwa wenzake. Twawaambia kwa mapenzi kuwa aibu hiyo ni yao, si ya mtoto.

Na liko jengine, ambalo barzani halisemwi kwa sauti. Mwaka juzi kijana mwanamume wa mtaa huo huo aliondoka kwa safari kama hii, na hatukumsikia mtu akilia khasara ya masomo. Alisindikizwa kwa dua mpaka gatini. Jee, Kidato cha Tatu cha mwanamume ni chepesi kuliko cha mwanamke?

Mwalimu Mkuu hatumlaumu peke yake. Kama iko kanuni ya mwanafunzi aendaye nje kwa muda, mzazi huyu hakuonyeshwa. Na kama haiko, kila mwalimu atahukumu kwa moyo wake, na mwenye jamaa Wizarani atawekewa nafasi ilhali mchuma karafuu atafutiwa. Twaitaka Wizara ya Elimu iandike kanuni na kuibandika katika kila skuli: jina libaki daftarini, ziandikwe tarehe za kuondoka na kurejea, alama zake zihifadhiwe, na arudi katika muhula ule ule aliouacha. Hayo hayahitaji fedha. Yahitaji karatasi na muhuri.

Kwa sasa Katibu wa tawi amemwandikia mzazi barua yenye mambo hayo manne, nakala mbili, moja ya skuli na moja ya kubaki nyumbani. Imepelekwa Jumatatu. Mpaka tunapiga chapa karatasi hii ilikuwa haijatiwa saini, na binti aondoka mwezi ujao.