Kanjo Ikikata Ghorofa za Kilimani, Rent Yako Itashuka? Sahau!

Kuna vita Nairobi ambayo vijana wengi wanaichukulia kama ya mababi pekee: maghorofa ya Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Westlands yapunguzwe ama yaachwe yapande? Wakaazi wa kitambo wanataka City Hall iweke kikomo cha chini. Mabuda wa mijengo wanataka kwenda juu zaidi. Nawe uko kwa bedsita yako Roysambu unasema, "Hiyo hainihusu." Manze, inakuhusu, tena kwa mfuko.

Turudi nyuma kidogo. Mpango mkuu wa Nairobi wa 1948 ulichorwa na mkoloni, wakati mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa upande wenye miti na ploti kubwa, Waafrika wakabananishwa Eastlando. Uhuru ulikuja 1963, lakini hiyo mistari ya ramani haikufutika. Hata mwongozo wa kanjo wa 2004 uliruhusu ghorofa 4 tu Kilimani na Kileleshwa, na Karen na Muthaiga zikabaki za nyumba ya familia moja kwa ploti kubwa.

Halafu pesa ikaongea. Leo ukisema Kilimani mwisho ni ghorofa 4, watu watadhani unatania. Bungalow inabomolewa, mabati yanazungushwa, na baada ya muda kuna mnara. Wakaazi wakachoka wakaenda kortini. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilisema mijengo ya Rhapta Road, Westlands, isizidi ghorofa 16.

Enyewe, wakaazi wana pointi. Mabomba ya majitaka ya hiyo mitaa yaliwekwa yakihesabu bungalow. Ukileta familia 60 mahali palikuwa na moja, choo hakijui kusoma sera, kitafurika tu. Maji ya mfereji nayo yanakuja kwa zamu, kwa hivyo mnara mpya unaishi kwa kisima na boza. Barabara ni zile zile, jamu ni mpya.

Lakini sasa piga hesabu ya kibanda. Chukua ploti moja yenye nyumba 4 kila ghorofa. Kwa ghorofa 16 unapata nyumba 64. Ukiirudisha kwa ghorofa 4 unapata 16. Hizo familia 48 zimeenda wapi? Hazijayeyuka. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 kwenye sensa ya 2019, na wageni wanashuka kwa matatu kila siku.

Utasema hizo keja za Kilimani si za watu wetu, bei yake ni ya mababi. Sawa. Ila mwenye angelipa Kilimani akikosa, anashuka South B. Wa South B akipigwa na bei, anashuka Kasarani. Wa Kasarani anasukumwa Githurai ama Ruiru. Kila mtu anashuka ngazi moja, na wewe uliye ngazi ya mwisho unaongezewa rent na fare. Hakuna mahali pa kushuka tena.

Na kikomo cha karatasi pekee hakisaidii. Cheki Pipeline kule Embakasi: maghorofa yamebanana hadi jua ni la wenye wako juu kabisa. Hakuna aliyechora mtaa hivyo, ni sheria ilikuwa kwa faili na mjengo ukaendelea. Huruma nayo, Aprili 2016, jengo lililokaa kando ya mto lilianguka likaua makumi ya watu. Kwa hivyo kelele ya ghorofa ngapi Lavington ni ndogo kuliko swali lenyewe: nani anakagua, na bomba liko?

Kwa maoni yetu, kanjo ianze na bomba kabla ya ghorofa. Mahali maji, majitaka na barabara vinatosha, watu wajenge juu. Mahali havitoshi, mjengo usubiri mpaka viwekwe, na anayejenga achangie gharama. Ramani iwekwe wazi kila mtu aione, ili jibu la ghorofa ngapi lisitoke ofisini kwa kunong'onezana. Na mzigo ugawanywe. Haiwezekani Pipeline ibebe kila mtu huku Karen ikibeba farasi.

Shida ni kwamba kwa hii mikutano sauti yetu haipo. Wenye nyumba wana vyama na mawakili. Wajenzi wana pesa. Wapangaji, ambao ndio wengi Nairobi, tuko kwa simu tukicheka memes za rent. Ilhali Katiba, Kifungu cha 196, inalazimisha bunge la kaunti kushirikisha wananchi. Sheria ya mipango ya 2019 nayo inamtaka anayeomba kujenga atangazie umma, na watu wanaruhusiwa kupeleka pingamizi.

Kwa hivyo mkutano wa maoni ukiitishwa, enda na mbogi yako. Muulize MCA wako swali moja: hao watu mnaowatoa hapa, mmewapangia wapi? Akikosa jibu, jua wamepangiwa kwako, na landlord wako ameshaanza kupiga hesabu.