Msituteremshe Tambarare: Mbio za Mlimani Zina Heshima Yake

Nilipostaafu ualimu niliapa kwamba sitatoa jasho tena ila shambani. Kiapo hicho nilikivunja mwaka jana, nilipojitosa katika mbio ndogo za marathoni zilizofanyika katika milima ya Taita, nikiwa na umri wa miaka 58. Tulioanza hatukufika mia. Tuliomaliza tulikuwa wachache zaidi, na katika hao wa mwisho kabisa nilikuwa mimi.

Sisemi haya ili nijisifu, kwa maana aliyeshika mkia hana la kujisifia. Nayasema kwa sababu nimepata habari kwamba baadhi ya waandalizi wa mbio hizo wanashauriana kuziondoa mlimani na kuziteremsha tambarare, katika barabara ya lami inayotoka Voi kuelekea Taveta. Hoja yao ni kwamba milima inawafukuza wakimbiaji mashuhuri, muda wa washindi unakuwa mbaya, na wadhamini hawapendi kuweka majina yao kwenye mashindano ambayo mshindi wake anachukua muda mrefu kupita kiasi. Mimi napinga shauri hilo, na ninamwomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini.

Kwanza nimweleze asiyeifahamu njia yenyewe. Milima ya Taita imechomoza ghafla katikati ya nyika ya Tsavo, na kilele chake kirefu, Vuria, kina kimo cha mita 2,208. Tulianzia Wundanyi alfajiri, ukungu ungali umelala mabondeni, tukapanda kuelekea Werugha na ubavuni mwa Vuria, kisha tukateremka na kurudi tulikotoka. Huo ulikuwa mzunguko mmoja, na sisi wa marathoni kamili tulitakiwa kuuzunguka mara mbili ili zitimie kilomita 42 na mita 195. Hapakuwa na mahali pa kuupumzisha mguu. Ama ulipanda, ama uliteremka.

Wengi hudhani kwamba mlima humwadhibu mtu wakati wa kupanda tu. Nami nilidhani hivyo. Ni kweli kwamba katika kimo cha mita 2,200 hewa ni nyepesi, na kila pumzi humletea mtu oksijeni iliyopungua kwa karibu robo ikilinganishwa na ya Mombasa. Lakini apandaye anaweza kupunguza mwendo, hata akatembea, na moyo ukatulia. Mateso hasa yamo katika mteremko. Hapo misuli ya mapaja hugeuka breki. Hujikaza kuuzuia mwili huku yenyewe inavutwa, na kazi hiyo huijeruhi kuliko kupanda. Wahenga waliponena kwamba mpanda ngazi hushuka, sijui kama walikuwa na mapaja yangu akilini, lakini siku tatu baada ya mbio nilikuwa nikishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, wajukuu wakinicheka.

Katika mzunguko wa pili nilijikuta peke yangu. Vijana walikuwa wamekwisha kunipita, na wale tuliolingana umri walikuwa wameachia njiani. Nilipofika mahali ambapo barabara inajikunja kama nyoka, kijana mmoja wa bodaboda alisimama kando yangu akaniambia, "Mzee, panda nikusogeze hadi pale juu. Hakuna atakayejua." Nilimshukuru, nikamwambia kwamba mimi mwenyewe ningejua. Hakubishana. Alizima pikipiki, akaniachia chupa yake ya maji, akaenda zake.

Mbele kidogo nilimkuta bibi mmoja mzee ameketi mlangoni pake. Alikuwa ametoa meza, sufuria ya maji na ndizi mbivu. Hakuna mwandalizi aliyemwagiza. Meza rasmi ya maji iliyokuwa karibu na hapo ilikuwa imekwisha kuondolewa, kwa sababu wahusika walidhani kwamba wakimbiaji wote wamepita. Bibi aliniambia, "Pole mwanangu. Nilikuona asubuhi ukipita, nami nilikuhesabu. Hujarudi, basi nikakungoja." Nilikula ndizi mbili, nikanywa maji, nikaendelea. Sitasahau neno lile la kuhesabiwa.

Nilifika Wundanyi baada ya zaidi ya saa sita. Utepe ulikuwa umekunjwa. Mwenye saa alikuwa amekwenda kula. Vijana wawili walikuwa wakibeba viti, na mmoja aliniuliza kama nimepotea njia. Medali niliipata siku nne baadaye, imefungwa ndani ya gazeti la zamani.

Naam, hilo ndilo kosa la mbio zile. Kosa halikuwa la mlima. Hata hivyo, waandalizi wanapotafuta dawa, wanataka kuukata mlima na kuliacha kosa lenyewe palepale.

Tuichunguze hoja yao ya muda. Kila mwenye kufuatilia riadha anajua kwamba muda wa marathoni hutegemea njia. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai alishinda mbio za Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Hapakuwa na binadamu aliyewahi kukimbia masafa hayo kwa kasi ile, lakini muda wake haukutambuliwa kuwa rekodi ya dunia, kwa kuwa njia ya Boston inateremka kupita kiwango kinachoruhusiwa na mwanzo wake uko mbali mno na mwisho wake. Mwaka 2019 Eliud Kipchoge alikimbia kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 jijini Vienna, katika barabara tambarare iliyochaguliwa makusudi, akisindikizwa na makundi ya wakimbiaji waliopokezana kumkinga upepo. Nao muda huo haukuandikwa kuwa rekodi rasmi. Je, kuna aliyethubutu kusema kwamba kazi ya mabwana hawa ilikuwa bure? Dakika ni kipimo kimojawapo tu cha ushujaa.

Tena tuambiane ukweli. Mashindano madogo ya Taita, yawe mlimani au tambarare, hayatavunja rekodi ya dunia. Mwenye kasi ya rekodi anaitwa Berlin, London na Chicago, na hulipwa ipasavyo. Tukiteremka barabara ya Voi tutakuwa tumepata mbio za tambarare kama nyingine nyingi, na tutakuwa tumepoteza kitu ambacho watu wa mahali pengine hawana. Isitoshe, huko chini jua ni kali, na joto ni adui mkubwa wa mkimbiaji wa masafa marefu kuliko kilima chochote. Nani atasimama kando ya nyika ile akiwa na ndizi mkononi?

Aidha, si kweli kwamba mbio za milimani hazina soko. Ulimwengu una mashindano yake ya kukimbia milimani, yaliyoanza kuandaliwa mwaka 1985 nchini Italia, na Wakenya wamekwisha kuyatawala. Lucy Wambui Murigi alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2017 na akautetea mwaka 2018. Patrick Kipngeno alishinda mbio za kupanda mlima katika mashindano ya dunia ya mwaka 2022 na akarudia mwaka 2023. Hawa waliupata ustadi wao kwa kuzoea kupanda. Hata mabingwa wetu wa barabarani hutoka katika nyanda za juu kama Iten, penye kimo cha takribani mita 2,400, na sehemu ya mazoezi yao ni kupanda kutoka bonde la Kerio. Itakuwa ajabu ikiwa nchi iliyoneemeshwa na milima itaanza kuionea haya.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko Afrika Kusini. Huko kuna mbio ziitwazo Comrades, za kilomita zinazokaribia 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, katika njia iliyojaa vilima kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliyezianzisha, Vic Clapham, alikuwa askari aliyepigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia humu humu Afrika Mashariki, na alitaka taabu ya wenzake waliofariki ikumbukwe kwa taabu ya walio hai. Sisi wa upande huu hatuwezi kulisikia jina lake kama la mgeni kabisa, kwani kilima cha Salaita, ambako askari wa Afrika Kusini walipigana Februari 1916, kiko karibu na Taveta, katika kaunti iyo hiyo yenye milima ninayoizungumzia.

Mwaka 1921, Comrades ilipoanza, waliojitokeza kukimbia walikuwa 34 na waliomaliza walikuwa 16. Zilikuwa ndogo kuliko zetu! Laiti waandalizi wangalisema kwamba vilima vinafukuza watu, mbio hizo zingalikufa zikiwa changa. Hawakuviondoa vilima. Siku hizi maelfu kwa maelfu hushindania nafasi ya kushiriki, na wengi wao hawana tumaini lolote la kushinda. Wanachoshindana nacho ni saa 12 walizopewa. Zinapotimia, mtu hufyatua bastola akiwa amewapa mgongo wakimbiaji ili asione ni nani anayekosa kwa hatua moja. Uwanja huwa umejaa, na wa mwisho kuwahi hushangiliwa karibu sawa na mshindi.

Sisemi kwamba Comrades imekuwa njema tangu mwanzo. Kwa miaka zaidi ya hamsini iliwafungia rasmi mlango wanawake na watu weusi, na mlango huo haukufunguliwa ila mwaka 1975. Lakini katika hilo pia kuna somo. Mbio zilikua zaidi pale zilipowahesabu watu wengi zaidi kuwa wakimbiaji.

Najua yupo atakayenijibu kwamba mimi ni mzee mwenye ushairi wa mlima, ilhali mwandalizi ana bili za kulipa. Hoja hiyo siipuuzi. Mbio zinahitaji maji, ambulensi, waangalizi wa njia na zawadi. Mdhamini naye si mfadhili wa yatima. Anataka jina lake lionekane. Ndipo nasema, mwuzieni kile mlicho nacho. Tangazeni kwamba hizi ni mbio ngumu, kwamba atakayemaliza ana haki ya kuringa mwaka mzima, kwamba anapanda kutoka mashamba ya migomba hadi kwenye misitu yenye ukungu. Mgeni hasafiri kutoka mbali kuja kuona lami iliyonyooka.

Fauka ya hayo, kuna mambo yanayoweza kurekebishwa bila ya kuuhamisha mlima. Ambulensi na iwekwe juu, kwenye miteremko mikali, badala ya kuegeshwa karibu na jukwaa la wageni waheshimiwa. Meza za maji zisiondolewe mpaka mkimbiaji wa mwisho apite, na pawe na mtu anayemfuata wa mwisho huyo kwa baiskeli au pikipiki ili ijulikane yuko wapi. Muda wa mwisho utangazwe mapema, tuseme saa saba, na mwenye saa akae hapo hadi zitimie. Washindi nao walipwe siku hiyo hiyo, si kuzungushwa miezi kama wadai wa korosho. Wanariadha wetu wengi wana machungu ya ahadi za jukwaani zilizoyeyuka mara tu hema liliposhushwa, na sifa mbaya ya namna hiyo huwafukuza wakimbiaji mashuhuri kuliko kilima chochote.

Jambo la mwisho ni hili. Taifa letu limezoea kuwatazama wakimbiaji. Tangu Ibrahim Hussein aliposhinda Boston mwaka 1988, tumekaa mbele ya redio na televisheni tukiwashangilia wachache wanaotuletea sifa, huku sisi wenyewe matumbo yakitangulia na shinikizo la damu likituandama. Mbio ndogo za mlimani ni mahali ambapo mwalimu mstaafu, muuguzi, mkulima na mwanafunzi hupanga mstari mmoja nyuma ya utepe mmoja na yule kijana atakayeshinda. Milima haikutani, lakini binadamu hukutana, na mimi nimeona kwamba hukutana vizuri zaidi pale wote wanapohema.

Waswahili wametuasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Wakimbiaji mashuhuri watakuja mwaka mmoja na mwaka wa pili wataitwa kwingine. Mdhamini atabadili nia. Watu wa Wundanyi na Werugha watabaki, na wao ndio waliotoka milangoni na sufuria zao bila ya kuagizwa. Kuwanyang'anya mbio hizo ni kuwaambia kwamba hawakuhesabiwa.

Mimi nimekwisha kuanza mazoezi. Kila Jumamosi napanda kilima kilicho nyuma ya nyumba yangu mara nne, polepole, na ninajifunza kuteremka. Sina nia ya kushinda. Nataka tu kufika kabla viti havijabebwa, na njiani nipite tena kwa yule bibi, nimwambie kwamba safari hii asingoje sana.