Mpeni muuguzi wa akili udaktari, lakini mpeni na kazi

UKISHUKA steji ya Nkubu mchana, kabla hujamaliza kukataa ndizi unazosukumiwa dirishani, utapishana na wanafunzi wa uuguzi. Hospitali ya Consolata na chuo chake cha uuguzi ni sehemu ya mji huu kama soko lenyewe, na nyumba nyingi za Imenti Kusini zina nesi, au zina mtoto anayetaka kuwa nesi. Sasa waulize hao wanafunzi ni wangapi wanataka kubobea katika afya ya akili. Wengi watacheka kwanza. Halafu mmoja atakwambia ukweli: huko hakuna mbele.

Hilo neno la mwisho ndilo tulijadili. Mtu wa miaka 21 anapochagua kazi anapiga hesabu kama mtu yeyote. Anaangalia ngazi, anaona inaishia wapi. Na ngazi ya muuguzi wa akili hapa Kenya ni ya ajabu kidogo. Unaanza na diploma. Ukitaka kubobea, KMTC wana diploma ya juu ya uuguzi wa akili. Ukipata shahada na ukawa na karo, Chuo Kikuu cha Nairobi kinatoa uzamili katika fani hiyo hiyo, na baada ya hapo kuna uzamifu, yaani udaktari wa falsafa. Kwenye karatasi, ngazi ni kamili. Lakini tazama inakupeleka wapi. Kila kidato unachopanda kinakuondoa karibu na mgonjwa. Mwenye diploma yuko wadini. Mwenye uzamili yuko ofisini au darasani. Mwenye udaktari anafundisha na kuandika tafiti, na akirudi wadini anarudi kusimamia wanafunzi wake.

Sisemi tafiti ni mbaya. Bila walimu hakuna wauguzi. Ninachosema ni kwamba udaktari tulio nao ulitengenezwa kwa ajili ya chuo, haukutengenezwa kwa ajili ya kliniki.

Kuna aina nyingine. Marekani wana udaktari wa utendaji kwa wauguzi, na mmoja wa mikondo yake ni wa muuguzi mtabibu wa akili. Huyu anampima mgonjwa, anataja ugonjwa, anaandika dawa, anafanya tiba ya mazungumzo, na katika majimbo mengi anafanya yote hayo bila daktari kumsimamia. Ukiwa na shahada ya uuguzi, masomo yake huchukua takribani miaka mitatu au minne, na lazima ukamilishe angalau saa 1,000 za mazoezi ya kazi. Mwishoni huandiki tasnifu ya kuwekwa rafuni ipigwe na vumbi. Unachukua tatizo moja la hospitali halisi, unalibadilisha, kisha unaonyesha kama mabadiliko yamefaa.

Na usidhani wazo hili lilizaliwa kwenye maghorofa. Programu ya kwanza ya muuguzi mtabibu ilianza Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965. Muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver waliianzisha kwa sababu kulikuwa na watoto, hasa wa vijijini na wa familia maskini, waliokuwa wanakosa daktari. Shida yenyewe unaijua. Ingekuwa Imenti badala ya Colorado, hadithi ingekuwa ile ile, mvua tu na majani chai vingeongezeka.

Sasa tuje nyumbani. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.5 katika Kaunti ya Meru. Kitaifa, hatufikishi hata daktari mmoja wa magonjwa ya akili kwa kila watu laki mbili, na wengi wa hao wachache wako Nairobi. Mathari, ambayo ilianza mwaka 1910 kama mahali pa kuwafungia waliokuwa wakiitwa wendawazimu, bado ndilo jina la kwanza mdomoni mwa kila Mkenya akisikia habari za akili. Kutoka Nkubu hadi huko ni zaidi ya kilomita 200. Mjini Meru kuna hospitali ya rufaa yenye kitengo cha akili, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mtu wa Kionyo au Mitunguu hana tatizo la kujua kitengo kiko wapi. Tatizo lake ni nauli, na siku nzima ya kibarua inayopotea, na macho ya majirani akirudi.

Chukua mfano wa sindano. Wagonjwa wengi wenye skizofrenia hapa kwetu hudungwa sindano inayokaa mwilini wiki kadhaa, ili wasilazimike kumeza vidonge kila siku. Ni dawa ya zamani, si ghali sana ukilinganisha na mpya, na inasaidia. Lakini lazima urudi kliniki kwa tarehe yake. Ukikosa mwezi mmoja kwa sababu ya nauli, ukakosa wa pili kwa sababu ya msimu wa kuchuma chai, wa tatu familia inakukuta usiku barabarani unaongea na watu wasioonekana. Hapo gari linakodiwa, kamba inatafutwa, na pesa zinazotumika usiku huo mmoja zingelipa nauli ya mwaka. Mtaani watu wanaita hiyo laana. Mimi naiita upangaji mbovu wa kliniki.

Hilo ndilo tatizo la kumpa mtu udaktari wa utendaji. Jinsi ya kuhamisha sindano kutoka mjini hadi zahanati iliyo karibu na mgonjwa. Nani awe na orodha ya walioshindwa kuja. Nani apige simu, nani apande bodaboda aende boma kwa boma. Madhara ya dawa yafuatiliwe vipi pale ambapo daktari hayupo. Mtu akilifanyia kazi hilo kwa miaka miwili katika kaunti ndogo moja na kuonyesha wangapi wamebaki wazima, mimi nitamwita daktari bila kusita. (Kwani Nkubu hata jamaa wa duka la dawa anaitwa daktari. Angalau huyu atakuwa amelisomea.)

Kuna jambo lingine linaloifanya habari hii iwe ya haraka, na linatugusa sisi vijana moja kwa moja. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka katiba. Kabla ya hapo, aliyenusurika angeweza kutoka kitandani mwa hospitali akaingia seli. Tulishangilia mitandaoni, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tafakari: mahakama imemwondoa polisi mlangoni. Nani amewekwa mahali pake? Kijana akiletwa hospitalini saa nane usiku akiwa amekunywa dawa ya kunyunyizia mimea, atatapishwa, atawekewa dripu, atapona tumbo. Nani atakaa naye asubuhi amuulize ilikuwaje? Nesi wa zamu ana wagonjwa wengine 30. Akifanikiwa, atamwambia "usirudie tena, mtoto wetu", kisha amruhusu aende nyumbani kule kule alikotoka.

Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 inazipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi. Jukumu bila mtu wa kulibeba ni hotuba.

Najua hoja za upande wa pili, na baadhi yake ni nzito. Ya kwanza: eti tunahitaji mikono, hatuhitaji vyeo. Kabla ya kumfanya mmoja awe daktari, funza kumi wa diploma. Hoja hii ina ukweli kiasi kwamba hata Wamarekani wanabishana juu yake. Mwaka 2004 muungano wa vyuo vyao vya uuguzi ulipendekeza kwamba kufikia 2015 wauguzi watabibu wawe wanafunzwa kwa kiwango cha udaktari. Mwaka huo ulifika, ukapita, na mpaka leo mwenye uzamili bado anapata leseni. Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Sitaki kila muuguzi wa akili Kenya alazimishwe kusoma mpaka awe na mvi. Hospitali ya kaunti ndogo inatosha kuwa na muuguzi wa uzamili au diploma ya juu, mradi awe na mamlaka. Wa udaktari ni wachache, wa kuunganisha mfumo na kuwafunza wengine wakiwa kazini.

Mamlaka ndiyo hoja yenyewe. Hapa kwetu muuguzi wa akili anaweza kuwa ndiye mtaalamu pekee wa akili katika eneo zima, lakini hana cheo kinachotambuliwa kama kile cha Marekani, chenye mipaka iliyoandikwa wazi: dawa hizi unaanzisha mwenyewe, hizi unaendeleza, hapa lazima umpigie daktari. Matokeo yake anafanya kazi hiyo kimyakimya kwa sababu hakuna mwingine, na siku mambo yakiharibika yeye ndiye wa kulaumiwa. Uganda walilitatua kwa njia yao. Butabika, jijini Kampala, kwa miaka mingi imefunza matabibu wa akili wasio madaktari, wanaopima na kutoa dawa wilayani. Si madaktari, si wauguzi wa kawaida, na hakuna aliyesema dunia imeisha.

Kisha kuna mchezo ambao kila nesi anaujua. Unajilipia diploma ya juu ya uuguzi wa akili, unaacha watoto kwa shosho mwaka mzima, unarudi kazini na cheti, unapangwa wadi ya kujifungua. Wewe unajua kuzungumza na mtu anayesikia sauti, unapimia akina mama presha. Si kwamba kazi hiyo ni ndogo. Ila mwanafunzi wa Nkubu aliyecheka mwanzoni amemwona shangazi yake akifanyiwa hivyo, na ndiyo maana amesema hakuna mbele. Ukiongeza udaktari juu ya mpangilio huo, utapata daktari anayepimia watu presha.

Hoja ya pili: wakishasoma wataruka. Ndiyo, wengine wataruka. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wetu wa afya huko, kwa hiyo serikali yenyewe imeshika mlango wazi. Kule Marekani wauguzi Wakenya wanaosomea utabibu wa akili si wageni tena. Uliza kikundi chochote cha WhatsApp cha diaspora. Siwalaumu hata kidogo. Lakini tazama kwa makini wanachokifuata. Dola ni sehemu yake. Sehemu nyingine ni kwamba kule ukisomea akili unafanya kazi ya akili, unaandika jina lako chini ya uamuzi wako, na ukisoma zaidi unalipwa zaidi. Hayo mawili ya kwanza hayahitaji dola.

Na kwa wewe unayepekua simu usiku ukiona matangazo ya udaktari wa uuguzi wa Marekani kwa njia ya intaneti, neno moja kabla ya kuuza shamba la mzee. Programu nyingi za aina hiyo zinataka uwe tayari na leseni ya uuguzi ya jimbo la Marekani, na zile saa za mazoezi unatakiwa uzifanye kwenye kliniki wanayoikubali. Huwezi kuzifanyia nyumbani Nkubu. Na ukija na cheti hicho hapa, uliza Baraza la Wauguzi kwanza kitakusajili kama nani, na uulize kaunti itakuajiri kwa cheo gani. Uliza kabla ya kulipa.

Ndiyo maana nataka programu yetu wenyewe, na nataka isiwe Nairobi peke yake. Meru ina hospitali ya rufaa ya kufundishia. Ina chuo kikuu cha Methodist pale Kaaga, kinachofunza wauguzi. Chuka si mbali. Nkubu ina hospitali ya misheni na chuo. Darasa la nadharia linaweza kukutana mara moja kwa mwezi. Kazi yenyewe ifanyike kwenye zahanati, na mwanafunzi aendelee kupokea mshahara wake akiwa pale pale.

Wa kuanza si chuo, ni bunge la kaunti na bodi ya utumishi wa umma. Waandike nafasi tatu tu kwenye bajeti ijayo: muuguzi mtabibu wa akili, kaunti ndogo tatu, mmoja Imenti Kusini. Waeleze kazi yake ni nini na hawezi kuhamishwa wadi nyingine bila sababu ya maandishi. Baraza la Wauguzi nalo liandike mipaka ya dawa. Nafasi zikishatangazwa kwenye gazeti zikiwa na mshahara kando yake, rudini pale steji muwaulize tena wale wanafunzi.