Jina la Bendi na Jasho la Watu

Pale Buguruni, Barabara ya Uhuru inapokutana na Barabara ya Mandela, ubishi juu ya bendi za dansi haufi. Huyu husema kwamba Msondo ya leo si Msondo, kwa kuwa Muhidin Gurumo na TX Moshi William wamekwisha kufa. Yule hujibu kwamba Msondo ni Msondo, hata akiimba mtoto aliyezaliwa jana. Wa kwanza huiita kila santuri ya kikosi kipya kuwa bandia. Wa pili hununua jina, wala hajali aimbaye ni nani. Wawili hawa huonekana kuwa mahasimu, ilhali kosa lao ni moja. Hakuna kati yao aulizaye wimbo ni wa nani.

Rai ya kwanza ni dhaifu. Lau bendi ingekufa kila aondokapo mwimbaji, Dar es Salaam isingalisaliwa na bendi hata moja. Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 ilikusanya watu waliokwisha kupata sifa kwingine. Gurumo alitoka katika bendi ya wafanyakazi aliyoitumikia tangu mwaka 1964, ilipokuwa ikiitwa NUTA Jazz. Michael Enoch alikuwa amekwisha kujulikana katika Dar es Salaam Jazz. Mwaka 1985 Hugo Kisima aliwavuta wanamuziki kadhaa wa Mlimani, Gurumo akiwa mmojawapo, akaunda International Orchestra Safari Sound. Mlimani haikuzikwa, ilitafuta wengine, ikaendelea na mtindo wake wa Sikinde. Gurumo naye alirejea Msondo, akastaafu mwaka 2013, akafariki mwaka 2014. Katika safari hiyo yote ya kwenda na kurudi, ni kikosi kipi kilichokuwa halisi na kipi kilichokuwa bandia? Mwenye rai ya kwanza hana jibu, ila humtaja mwimbaji aliyempenda ujanani mwake.

Fauka ya hayo, majina yenyewe yanamkanusha. Msondo ni ngoma ya unyago, na Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa nchi hii ambayo Buguruni imo ndani yake. Mpigaji wa ngoma akifa, kijana aliyekaa karibu naye akajifunza hushika mahali pake. Wazee hawasemi kwamba ngoma ya kijiji imeghushiwa. Hutazama kama kijana anapiga sawasawa, na asipopiga sawasawa humwambia. Hiyo ndiyo haki ya msikilizaji juu ya kikosi kipya: kusikiliza kwanza, kisha kuhukumu.

Lakini rai ya pili ni mbaya zaidi, maana imevaa nguo ya busara. Jina likitukuzwa peke yake, atukuzwaye ni mwenye jina. Na katika mji huu mwenye jina hakuwa mwanamuziki. NUTA Jazz ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi ikaitwa JUWATA. Kilipogeuka kuwa OTTU, bendi ikaitwa OTTU. Mlimani Park ilikuwa kwanza ya kampuni ya usafirishaji na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndipo ikaitwa DDC Mlimani Park. Magitaa, ngoma na tarumbeta vilikuwa vya mwajiri. Aliyehama aliondoka na sauti yake na vidole vyake; nyimbo alizotunga zilibaki nyuma pamoja na spika. Watu husema wanamuziki wa dansi walihamahama kwa sababu ya tamaa. Yafaa waulize kwanza kama mtu asiyemiliki hata waya wa gitaa alikuwa na kitu gani cha kumfunga mahali.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Huko Norwei kuna bendi ya Gorgoroth, ipigayo muziki wa makelele na giza uitwao blaki metali. Mwaka 2007 wawili katika wanamuziki wake, Gaahl na King ov Hell, walitaka kumwondoa Infernus, aliyeianzisha bendi mwaka 1992, na kulichukua jina. Shauri likafika mahakamani Oslo, na mwaka 2009 mahakama ikaamua kwamba jina ni la Infernus. Mwaka huohuo alitoa albamu pamoja na kikosi kipya, na mwimbaji wa zamani, Pest, akarudi kundini. Mwenye kuipenda aliipenda, mwenye kuichukia aliichukia. Walakini kila mmoja alijua nani alishika gitaa na nani aliimba. Wanamuziki walishtakiana wao kwa wao, kwa kuwa jina lilikuwa kitu chao. Gurumo angemshtaki nani, na kwa mali gani?

Dar es Salaam hata santuri haikuwa mkononi mwa mpigaji. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Mwaka 1994 nyimbo za Mlimani zilizorekodiwa katika miaka ya 1980 zilitolewa Marekani katika albamu iliyoitwa Sikinde. Jina moja likafunika miaka mingi na watu wengi, waliokuwapo na waliokwisha kuhama. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 imekuja, na ni jambo jema. Lakini sheria haiwezi kumlipa mtu ambaye hakuna aliyeandika jina lake.

Na hapa lawama yaingia chuoni. Mwanafunzi hathubutu kunukuu shairi la mvita bila kumtaja Muyaka, wala utenzi bila kumtafuta mtunzi wake. Lakini anukuupo wimbo wa dansi, wenye vina, mafumbo na maonyo yasiyopungua ya ushairi huo, huandika jina la bendi, yaani jina la chama au la shirika, na msimamizi wake huupitisha ukurasa. Hivyo mwajiri hupewa utunzi wa mwajiriwa, na wasomi ndio watiao sahihi.

Atatokea wa kusema kwamba wimbo wa bendi ni kazi ya shirika: mmoja huleta maneno, mwingine huongoza magitaa, wa tatu hupanga tarumbeta. Ni kweli kabisa. Basi watajwe wote watatu. Wingi wa watenda kazi haujapata kuwa hoja ya kuwanyima wote ujira.

Kikosi kipya kina haki ya kurekodi chini ya jina la kale, na wazee wa Buguruni wana haki ya kusema kwamba hakijafikia kile cha kwanza. Haki hizo mbili zitakuwa na maana siku kila santuri, kila tangazo la redio na kila tasnifu itakapomtaja aliyetunga, aliyeimba na aliyepiga. Kabla ya siku hiyo, ubishi wa Sikinde na Msondo ni ubishi wa watu wawili wanaogombea kivuli cha mti, na aliyeupanda amesimama juani.