Msitie Saini Karatasi ya Jumapili

Ndugu zangu Wakristo mnaofanya kazi Mji wa Kale, na nyinyi mlioajiri watu majumbani mwenu hapa kisiwani, nisikizeni kabla Desemba haijaingia. Kuna karatasi inazunguka.

Nimeiona kwa macho yangu kwenye kibaraza cha duka moja la Ndia Kuu, mkononi mwa msichana anayeuza vikoi na vinyago, mtoto wa kanisa letu. Ukurasa mmoja, umepigwa chapa vizuri, na chini pana nafasi ya jina, nambari ya kitambulisho na saini. Inasema mfanyakazi amekubali kwa hiari yake kutochukua ofu ya wiki wakati wa msimu wa wageni, na badala yake ataongezewa kitu kwenye mshahara. Msimu unaanza lini na unakwisha lini, haisemi.

Nikamuuliza, "Mwanangu, umeshatia saini?"

"Bado, mzee. Lakini wenzangu wawili washatia. Nikibaki peke yangu nitaonekanaje?"

Alikuwa ameikunja mara nne na kuitia ndani ya Biblia yake ndogo, kama mtu anayetafuta pa kuificha. Tangu siku ile nimeambiwa habari za karatasi kama hiyo mahali pengine pawili, mkahawa mmoja na nyumba moja ya wageni. Bado ni chache, na ndiyo sababu naandika sasa. Likishakuwa desturi ya mtaa, hakuna atakayekumbuka kwamba lilikuja na karatasi.

Kwanza sheria, maana wengi wanaogopa bure. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inampa kila mfanyakazi siku ya mapumziko isiyopungua moja katika kila siku saba. Sheria hiyohiyo inasema mapatano yoyote ya kuyaacha masharti yake ni batili. Yaani hata ukitia saini mbele ya mashahidi kumi, haki yako haijaondoka, na kesho yake unaweza kuidai. Kuitwa kazini siku ya ofu mara moja, meli ya watalii imetia nanga na watu hawatoshi, ukalipwa mara mbili kama kanuni za mishahara zinavyotaka, hilo lina mlango wake. Kuifuta ofu yenyewe halina. Na Katiba ya 2010, ibara ya 32, inapotaja uhuru wa dini imetaja waziwazi kuadhimisha siku ya ibada. Haya yanamhusu muuza duka, dereva, bawabu wa lango, na yule dada anayelea mtoto wako.

Lakini mimi si wakili, na linaloninyima usingizi si sheria. Ni jinsi siku inavyoondoka hata bila karatasi.

Kijana mmoja wa tuktuk, anayeegesha karibu na Fort Jesus, alinifungulia daftari lake la hesabu. Kila wiki ina mistari saba. Mwaka jana kwenye mstari wa Jumapili hamna tarakimu, mna kistari kimoja tu cha bik nyekundu. Baada ya Pasaka tajiri wake akamwambia, Jumapili ngomeni kuna wageni wengi, lete nusu hesabu tu. Kistari kikapotea, ikaingia nusu. Kufika Agosti ile nusu ilikuwa imeshakuwa nzima. Halafu kuna Jumapili moja aliyoshikwa na homa asiweze kutoka. Tarakimu imeandikwa vilevile, na pembeni yake neno moja: deni. Siku ambayo mwaka jana ilikuwa yake, mwaka huu anaikodi kwa tajiri, hata akiwa kitandani. Kanisani bado anakuja. Hukaa kiti cha nyuma kabisa, funguo mkononi, na mahubiri yakifika katikati ameshaondoka.

Sitaki mtu alichukue neno langu akamsingizie jirani yetu Mwislamu. Maduka mengi ya Ndia Kuu ni ya Waislamu, na wengi wao wamewatunza vijana wetu kuliko tunavyowatunza sisi. Hapa pana kutoelewana, na sehemu kubwa tumekuleta wenyewe. Mwenye duka mmoja ninayemheshimu, tumekunywa kahawa chungu pamoja miaka mingi, aliniambia: "Sisi Ijumaa twafunga, twaswali, twarudi dukani. Basi msichana naye naaende kanisani saa mbili, saa nne arudi. Pana dhuluma gani hapo?" Hana dhuluma moyoni, na kwa dini yake amesema sawa. Surat al-Jumu'a inawaamrisha waumini waache biashara adhana inapoadhiniwa, na swala ikiisha watawanyike kutafuta fadhila za Mungu. Ijumaa ni siku ya swala ya jamaa, haikuwekwa kuwa siku ya kuacha kazi. Sisi tumerithi jambo jingine kutoka kwa Waisraeli: ibada imo ndani ya siku, lakini kupumzika kwenyewe ni amri, hata kabla hujafika kanisani. Atalijuaje hilo, ikiwa miaka yote tumemwendea na maneno yaleyale, "naomba ruhusa niende kanisani"? Tumeomba saa mbili, tumepewa saa mbili. Nenda kamweleze kwa adabu kwamba unachoomba ni siku. Atakusikia, watu wa Mji wa Kale wanaijua dini ni nini.

Na wanaijua hadithi yenyewe. Mwaka 1844, Johann Ludwig Krapf alipoanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili hapa Mombasa, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin wa Barawa. Kitabu hicho ndicho chenye habari ya Mungu kumaliza kazi na kuibariki siku ya saba. Kabla lugha hii haijawa na kanisa, habari ya siku ya kupumzika iliingia ndani yake kwa mikono ya mmishonari na kadhi. Mkiwaendea matajiri wenu, msiende kama wageni.

Sasa vukeni nami daraja la Nyali mpaka Kengeleni. Ule mnara wa kengele ulioipa jina ile steji ni wa Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wazee husimulia kwamba kengele ile haikupigwa kwa ibada tu; ilipigwa pia kuwatahadharisha watu kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanakuja. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907 tu. Hiyo ni juzi. Wako watu kanisani kwetu ambao babu zao waliisikia kengele ile.

Nawataja kwa sababu hii. Wanahistoria wameandika kwamba katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba ilikuwa desturi mtumwa kuachiwa Alhamisi na Ijumaa alime sehemu yake. Hata mtumwa, basi, alikuwa na siku. Lakini ile siku ilikuwa hisani ya bwana, na bwana aliyeitoa angeweza kuichukua. Amri ya Musa haikuja kwa sura hiyo. Katika Kutoka sababu ya Sabato ni kazi ya uumbaji. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 5, sababu imebadilika: mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe, kwa kuwa nawe ulikuwa mtumwa Misri ukatolewa. Anayesemeshwa ni nani hapo? Ni bwana wa nyumba. Ametajiwa mwanawe, binti yake, mtumwa wake, mjakazi wake, ng'ombe wake, punda wake, na mgeni aliye ndani ya malango yake. Mke hakutajwa kando, na mimi naamini ni kwa kuwa yumo katika lile "wewe". Amri imewekwa mlangoni pa mwenye funguo.

Basi na tuitazame milango yetu. Hapa sitapunguza sauti. Iko nyumba ya Kikristo Kizingo, iko Tudor, iko Nyali, ambamo dada wa kazi ni Mkristo mwenzenu, ametoka Taita au Ukambani au Magharibi, na hajaketi kanisani tangu aje. Jumapili huamka saa kumi alfajiri kupiga pasi nguo mtakazovaa. Mkienda ibadani anabaki na mtoto na sufuria ya pilau, kwa kuwa baada ya ibada kuna wageni. Mnarudi mmebarikiwa, yeye anaosha vyombo. Ukimuuliza mama mwenye nyumba atakwambia, "Huyu ni kama mwanangu, hana shida." Kama ni mwanao, amri imemtaja mwanao. Kama ni mjakazi, imemtaja mjakazi. Hakuna jina utakalompa litakalomtoa nje ya ule mstari. Sheria ya 2007 nayo haikumwacha nje. Mwenye duka wa Ndia Kuu angalau ametoa karatasi. Sisi hatujampa hata karatasi.

Wachungaji nao nawaomba wasinifungie masikio. Jumapili tumeijaza ibada ya kwanza, ibada ya pili, kamati, kwaya, mchango wa paa, na mchango wa kulipia mchango uliopita. Mtu aliyefanya kazi siku sita analetwa kwenye kesha Jumamosi usiku, halafu tunashangaa kwamba Jumatatu dereva amesinzia barabarani. Akina mama wa jikoni mwa kanisa hupumzika lini? Tukisimama mbele ya matajiri kuidai siku hii, wasije wakatuuliza sisi tunaitumiaje.

Kuna atakayesema Wakristo wa kwanza hawakuwa na ofu. Ni kweli. Walikusanyika kabla ya jua kuchomoza kisha wakaenda kazini, na wengi walikuwa watumwa. Sheria ya Kirumi ya kupumzika Jumapili ilikuja mwaka 321, chini ya Konstantino. Kwa hiyo simhukumu msichana yeyote atakayelazimika kufungua duka Jumapili ili watoto wale. Wakristo wale wa kwanza hawakuwa na uwezo wa kuifunga siku. Wewe mwenye uwezo ndiye utakayeulizwa.

Jambo jingine linakuja kimyakimya, nalo ni ofu ya zamu. Hospitali na bandari haziwezi kufungwa, najua. Bwana mwenyewe aliponya watu siku ya Sabato. Lakini nimekaa na mume na mke, wote wa kanisa letu, yeye ofu yake Jumanne, mkewe Alhamisi, na watoto wako nyumbani Jumamosi na Jumapili. Sheria imetimizwa kwa wote wawili, na nyumba hiyo haijala chakula cha mchana pamoja tangu shule zifunguliwe. Urusi ya Kisovieti ilifanya hivyo kwa makusudi mwaka 1929: wafanyakazi waligawanywa makundi, kila kundi na siku yake, ili mashine zisisimame kamwe. Wake na waume wakapishana milangoni. Mwaka 1940 serikali ileile iliirudisha wiki ya siku saba na Jumapili yake. Mkipangiwa zamu, ombeni siku moja mume na mke, hata ikiwa ni Jumanne.

Ugomvi wa Jumamosi na Jumapili siuingii hapa. Nasema tu kwamba Waadventista wametushinda katika kuilinda siku. Shauri la wanafunzi wao walilifikisha mpaka Mahakama ya Rufani, na mwaka 2017 mahakama ikawapa haki ya kuishika Sabato shuleni. Tena wanaianza jua linapozama. Sisi watu wa pwani tunapaswa kulielewa hilo kuliko wote, kwa kuwa wazee wetu huhesabu siku tangu maghribi. Ukimwambia bibi wa Kibokoni "usiku wa Ijumaa" anajua unasema Alhamisi jua likishatua. Mimi nimeanza hivyo nyumbani. Jumamosi maghribi ikiingia, simu inazimwa, dada anapewa nauli yake na ruhusa yake, na vyombo vya Jumapili tunaosha wenyewe. Wiki ya kwanza hakujua pa kwenda. Alikaa kibarazani na mkoba mapajani mpaka saa tatu usiku.

Karatasi za Ndia Kuu zinakusanywa mwisho wa mwezi. Nimemwomba yule msichana aje na wenzake, wakiwemo wale wawili waliokwisha kutia saini, Jumatano saa kumi na moja jioni kwenye ukumbi wa kanisa. Tutaandika barua moja yenye majina yote, ili asionekane mtu peke yake, na tutaipeleka kwa mikono, kwa salamu, dukani. Wa mahotelini na wa majumbani wana chama chao cha KUDHEIHA, na Ofisi ya Kazi iko hapahapa mjini. Tukikataliwa ndiko tutakakokwenda. Wewe mwenye karatasi kama ile, njoo nayo. Ukiwa umeshaitia saini, njoo nayo vilevile.