Kikohozi Kimoja, Magonjwa Mawili

Wasee, mnakumbuka 2020? Korona ilithibitishwa hapa Kenya mwezi wa Machi, kafyu ikaingia mwezi huo huo, na kukohoa ndani ya matatu kukawa kama kosa la jinai. Watu walijifunza kumeza kikohozi.

Sasa fikiria msee aliyekuwa na TB tayari. Ana homa, anakohoa, amechoka. Anaogopa hospitali asije akapelekwa karantini, ambayo mwanzoni ulikuwa unajilipia mwenyewe, manze. Ama anaenda, anapimwa Korona, anapatikana nayo, na kila mtu anaona jibu limeshapatikana. Nani ataendelea kutafuta?

Hapo ndipo shida iko. Mtu anaweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja, na mapafu ni yale yale. Korona mara nyingi hukuangusha ndani ya siku chache. TB huja polepole: jasho la usiku, suruali inaanza kulegea kiunoni, wiki mbili zinapita na kikohozi bado kipo.

Na kabla mtu aseme natia chumvi: Shirika la Afya Duniani lilisema waliogunduliwa na TB duniani walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Kwani TB ilienda likizo? Vifo vyake viliongezeka mwaka huo huo. Wagonjwa walikuwepo, ni vile hawakuonekana.

Kinachoniuma ni kwamba mashine ya GeneXpert, ile inayopima TB, inaweza pia kupima Korona. Unabadilisha katriji na sampuli tu. Kwa hivyo mimi nasema mgonjwa wa kikohozi kisichoisha apimwe yote mawili, hata kama jibu la kwanza limetoka. Asilazimike kuomba.

Dawa za TB ni bure kwenye hospitali za serikali. TB ya kawaida hutibiwa kwa miezi sita, na ukikatiza dozi inaweza kugeuka sugu. Kwa hivyo ukipata Korona ukiwa katikati ya dozi, usiache dawa kivyako. Ongea na daktari.

Na kwa matatu, fungueni madirisha jameni. Najua kutakuwa na baridi na kuna mtu atalalamika kuhusu nywele zake. Ajifunge leso.