Kideri Hakina Miguu

Aghalabu kuku akianza kusinzia uani, neno la kwanza kusikika majumbani mwetu ni "leteni kisu". Watu huwahi asije akafa kibudu, ikawa hasara juu ya hasara. Wa pili na wa tatu wakianza kulegeza mbawa, wale waliosalia hufungwa miguu jozi jozi, wakapelekwa sokoni kabla jua halijatua, na mnunuzi haambiwi kitu. Desturi hii si ya Mvita wala ya Lamu peke yake. Mwaka huu nimeikuta Kuresoi, kiasi cha kilomita 700 kutoka baharini, na huko ndiko nilikomwona mtu aliyekataa kuifuata.

Kuresoi ni nchi ya juu katika kaunti ya Nakuru, imepakana na msitu wa Mau. Ukiipita Molo unaingia katika mashamba ya viazi, mahindi na ng'ombe wa maziwa, na asubuhi ukungu huwa mzito hata jogoo utamsikia usimwone. Mtu wa Mombasa akifika huko mwezi wa Julai huuliza blanketi kabla hajauliza chakula. Wenyeji ni Wakalenjin, Wakikuyu, Wakisii na wengineo, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Lakini mambo ya kuku ni yale yale ya kwetu. Ng'ombe ni wa baba, viazi vina madalali wake, ila kuku na mayai ni mali ya mama wa nyumba. Hapo ndipo zinapotoka pesa za daftari, sabuni na chumvi, na hazihitaji kuombewa ruhusa kwa mtu.

Mama wa nyumba nilimofikia alikuwa na kuku 17 katika kizimba cha mabanzi kilichoinuliwa juu ya miti. Jumatatu mmoja alijikunyata, macho yamefumba, na choo chake cha kijani. Kufika Alhamisi wamekufa wanane, na mmoja shingo imempinda nyuma kama atazamaye mbingu. Majirani wakaja na shauri lile lile ninalolijua tangu utotoni, kwamba wale wazima wauzwe upesi, siku ya soko ni kesho. Yule mama akanitazama mimi mgeni, akasema, "Mzee, nikimuuzia mwenzangu ugonjwa leo, wiki ijayo mimi ndiye nitakayeununua tena katika soko hilo hilo." Akafunga mlango wa kizimba, akakoka moto nyuma ya nyumba, akachoma mizoga pamoja na manyoya yake yote. Waliopona ni watano.

Sasa tuseme kweli kuhusu ugonjwa wenyewe. Kideri, ambacho Tanzania wengine hukiita mdondo, ndicho wanachokiita wataalamu ugonjwa wa Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926, mwaka ule ule ulioonekana kisiwani Java. Hapa Kenya ulithibitishwa kwanza mwaka 1935, na mahali penyewe palikuwa upande wetu huu wa Mombasa. Kuku wa Kuresoi hawakuzaliwa nao. Kideri hakina miguu ya kupandia mlima; hupanda katika matenga, juu ya magari, katika viatu vya mchuuzi na katika trei za mayai.

Na hila yake kubwa ni hii. Kirusi kikishamwingia kuku, kwa kawaida hupita siku 5 au 6 kabla hajaonyesha dalili, na huweza kuchelewa hata siku 15. Siku hizo anakula, anakunywa, anawika. Kwa hiyo wale "wazima" tunaowakimbiza sokoni ndio hasa mbegu ya maradhi. Mnunuzi huwafungua uani kwake wakala pamoja na wake, na baada ya juma moja naye anaita kisu. Kideri kikipata banda lisilochanjwa chaweza kulifagia lote.

Wako watakaoniambia kwamba mwenye dhiki hana la kuchagua. Dhiki naijua. Lakini tuliokaa chuoni mbele ya walimu tumefundishwa kwamba bidhaa yenye aibu haiuzwi mpaka aibu yake itajwe, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kurudisha. Sote tumesikia habari ya Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta unyevu chini, na jinsi alivyomkemea mwenye mali. Tena iko hadithi sahihi, aliyoipokea Abu Huraira, inayomkataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Ngamia na kuku hapa ni mamoja. Sijui ni kwa sababu gani katazo hili twalisoma darasani, kisha tukifika gengeni twalisahau.

Na kile kisu nacho? Kuku aliyechinjwa akiwa bado na uhai wa kutosha ni halali, na kideri hakimdhuru mlaji; mtu akikipata, mara nyingi ni macho mekundu ya siku chache. Lakini ugonjwa umo katika damu, matumbo na manyoya tunayoyatupa jalalani, ambako paka na kunguru huyatawanya mtaa mzima. Mwenye kuchinja na azike hayo kwa kina, au ayachome kama alivyofanya yule mama. Na kuku aliyekwisha kupewa vidonge vya dawa asiliwe mpaka muda wa dawa hiyo upite.

Tena si kila choo cha kijani ni kideri. Iko homa ya matumbo ya kuku, ambayo ni bakteria na ina dawa zake. Kwa macho matupu hata fundi huweza kukosea. Nakuru kuna maabara ya serikali ya kuchunguza maradhi ya mifugo, na pwani tunayo Mariakani. Huchukua mzoga usiooza, au kuku mgonjwa aliye hai, na kukuambia ni nini. Ni watu wachache mno wanaokwenda.

Kuhusu tiba nitasema kwa ufupi. Kuresoi nimeona maji ya mshubiri na pilipili yakiwekwa kizimbani, na kwetu ni vivyo hivyo. Siyatukani, ni urithi. Lakini kwa kideri hakuna dawa, ya mti wala ya duka, na vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kwa rejareja haviui kirusi. Kilichopo ni chanjo, na chanjo hupewa aliye mzima. Ukimpa aliyekwisha kuambukizwa umechelewa.

Chanjo yenyewe ni tone moja la jicho, au maji ya kunywa. Iko ile iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ikatengenezwa pia Temeke, Dar es Salaam. Hiyo hustahimili joto kuliko zile za zamani, ijapokuwa nayo yataka kutunzwa mahali pa baridi. Hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Ukitumia maji ya mfereji yenye dawa ya kusafishia, umeiua chanjo kabla haijafika kooni mwa kuku. Tumia maji ya mvua au ya kisima.

Basi kikwazo ni nini? Ni chupa. Chupa moja hutosha kuku 100 au zaidi, na ikishachanganywa haingoji. Mwenye kuku 12 haoni sababu ya kununua dawa ya 100 ili amwage iliyobaki. Tangu mwaka 2013 afya ya mifugo imo mikononi mwa serikali za kaunti, nazo zina mengi ya kulaumiwa, kwani mganga wa mifugo ni adimu Kuresoi kama alivyo adimu Faza. Lakini hili la chupa haliwangojei wao. Akina mama tayari wana vyama vya kuchangiana vyombo na harusi. Nyumba kumi zikishirikiana, chupa moja imekwisha siku moja na bei imekuwa senti.

Nimesema mengi ya kuku, na katika nyumba ile ile paka wa watoto naye alikuwa mgonjwa. Huyo hakuna aliyemwitia kisu. Watoto walimlaza karibu na jiko, wakamfunika sweta. Huyo Abu Huraira niliyemtaja lakabu yake ni ya kipaka, kwa hiyo mapenzi haya hayahitaji kutetewa kwa wasomaji wangu. Ila mjomba wao, kwa huruma, alimpa kipande cha kidonge cha parasetamoli, na usiku ule paka akafa. Dawa hii, imtulizayo mtu maumivu, ni sumu kwa paka, hata ikiwa kidogo. Ini lake haliwezi kuivunja. Mwenye paka na alishike hilo. Mpe maji, mpe joto, mtafute mjuzi, na kabati lako la dawa liache limefungwa.

Mbwa ni habari nyingine. Sisi wa madhehebu ya Shafii tunajitenga na mate yake, na tukiguswa twaosha mara saba, moja kwa udongo. Kuresoi mbwa ni mlinzi wa ng'ombe na mwenzi wa watoto, wanalala naye mlangoni. Ugonjwa wa kuogopwa hapo ni kichaa cha mbwa. Mbwa akibadilika tabia, akauma bila sababu, akatokwa na udenda na sauti ikamgeuka, au akajificha gizani yeye aliyekuwa mchangamfu, asikaribiwe. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano, kwani dalili zikishamdhihirikia mtu takriban hakuna anayepona. Kuosha kwetu mara saba ni kwa ajili ya tohara na hakukai mahali pa sindano. Na asidhani mtu kwamba penye mbwa wachache pana salama. Pemba kichaa kilikatika mwaka 2014, kikarejea 2016, kikakatwa tena 2018, na kilichokikata ni kuchanja mbwa.

Nilipoondoka, nyumba tisa zilikuwa zimekwisha kutoa mchango wa chupa moja, na ya kumi ilikuwa inabishana bei. Yule mama alikuwa ameletewa matetea wawili na dada yake kutoka Olenguruone. Aliwafungia peke yao katika ghala la viazi, wakae siku 15 kabla ya kukutana na wale watano, na watoto walikuwa wamekatazwa kufungua mlango.